Hajitambui: Nafsi ya Mtu na Sukari Iliyo Katika Damu

Leo nazungumza hasa na akina mama na walezi, kwa sababu jambo hili huanzia nyumbani, mbele ya macho yenu, kabla muuguzi au daktari hajaliona.

Kuna neno moja ambalo sisi sote hulitumia: hajitambui. Mgonjwa aliyezimia tunasema hajitambui. Kijana anayewajibu wazazi kwa ujeuri, naye tunasema hajitambui. Leo nataka tumtazame mtu aliye katikati ya hao wawili. Macho yake yako wazi, anatembea na anaongea, lakini maneno yake si yale mliyoyazoea. Anamtukana mamake. Anasukuma sahani ya chakula. Anacheka peke yake, kisha analia. Watu wanakusanyika: mmoja anasema amelewa, mwingine anasema ni bangi, mwingine anaomba mchungaji aitwe kwa sababu hayo ni mapepo. Baada ya nusu saa mtu huyo ameanguka chini na anarusha mikono na miguu.

Huenda mtu huyo hajaonja pombe. Huenda sukari katika damu yake imeshuka kupita kiasi.

Hapa lugha yenyewe inatutega. Tunasema "fulani ana sukari" tukimaanisha ana ugonjwa wa kisukari. Tena tunasema "weka sukari kwenye chai". Kwa hiyo mtu mwenye kisukari anapoanza kutetemeka na kuropokwa, na jirani akaja mbio na chupa ya soda, utasikia mtu wa nyumbani akipiga kelele: "Usimpe! Huyo ana sukari!" Akina mama, kwa neno hilo watu wamepoteza maisha. Wakati ule hasa, kinachomwua ni kukosa sukari.

Ili mwelewe kwa nini, twende kwanza shambani.

Mnawajua miwa ya Awendo na ya Ndhiwa, mnajua viazi vitamu vya Kabondo, na mahindi na mihogo iko kila mahali. Mimea hiyo yote hufanya kazi moja. Mizizi inavuta maji, majani yanavuta hewa ya kaboni dioksidi, na kwa nguvu ya jua mmea unaunganisha maji na hewa kuwa sukari ndogo iitwayo glukosi. Chembe moja ya glukosi imejengwa kwa kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6. Mkihesabu vizuri mtaona kwamba kwa kila kaboni moja kuna haidrojeni mbili na oksijeni moja, yaani kipimo kile kile cha maji. Ndiyo sababu wataalamu wa zamani waliuita wanga wote kwa jina lenye maana ya kaboni na maji.

Sasa chukua glukosi kuwa ni ushanga mmoja. Ukiufunga na ushanga mwingine uitwao fruktosi, unapata sukari tunayoweka kwenye chai. Ukiufunga na ule uitwao galaktosi, unapata sukari ya maziwa, ambayo mtoto anaipata kwenye titi la mamake. Na ukizitunga shanga za glukosi mia nyingi au maelfu katika uzi mmoja, unapata wanga wa unga wa ugali, wa muhogo, wa kiazi na wa mtama. Hata nyasi na mabua ya mahindi yametungwa kwa shanga hizo hizo za glukosi. Tofauti ni namna zilivyofungwa, na tumbo la binadamu halina kitu cha kufungua fundo lile. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyomfungulia. Ndiyo maana yeye hunenepa kwa mabua na sisi tungelala njaa.

Jaribuni leo jioni. Chukua kipande kidogo cha muhogo uliochemshwa au cha mkate, kitafune polepole bila kumeza kwa dakika moja au mbili. Utaanza kuhisi utamu kidogo. Hakuna aliyetia sukari. Mate yako yana kimeng'enya kinachokata uzi wa shanga, na utamu unaousikia ni shanga zinazofunguka.

Kukata uzi mrefu huchukua muda. Sukari na soda huingia katika damu kwa dakika chache, lakini ugali na nyoyo huingia taratibu kwa saa kadhaa. Wakati wa kawaida, huo utaratibu ni mzuri kwa mwenye kisukari. Wakati wa hatari, ugali utamchelewesha.

Mwilini glukosi iko kidogo kuliko mnavyodhani. Mtu mzima mwenye afya ana takriban gramu 5 tu katika damu yake yote, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Na ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, unatumia karibu moja ya tano ya nguvu zote mtu akiwa ametulia. Kwa siku unahitaji kama gramu 120 za glukosi, na hauna ghala la maana la kuweka akiba. Hununua na kupika papo hapo, kama mtu asiye na stoo.

Stoo iko kwenye ini. Tukisha kula, kongosho hutoa insulini, nayo huamuru glukosi iingie katika misuli na ini. Ini huzitunga shanga upya kuwa wanga wa mwili, uitwao glaikojeni, kiasi cha gramu 100 hivi. Usiku tukilala bila kula, ini huzifungua na kuzirudisha katika damu, na ubongo unapata riziki hadi asubuhi.

Ninyi mnaozungumza Dholuo mtakuwa mmekwisha kunitangulia. Ini katika Dholuo ni chuny. Na chuny vilevile ni moyo wa mtu, ni roho yake, ni yeye mwenyewe kwa ndani: mahali anapofurahi na mahali anapoumia. Na Waswahili husema neno kali humkata mtu maini. Sisemi kwamba wazee walijua habari za glaikojeni. Lakini waliiweka nafsi ya mtu katika nyama ya mwili, na nyama hiyo ndiyo inayolisha ubongo usiku kucha. Mimi kila nikifundisha somo hili hufurahi nikifika hapo.

Basi nafsi ni nini? Msiogope swali hilo kwamba ni la wazungu au la vyuo vikuu. Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwafuata wazee wenye hekima vijijini na kuwauliza maswali kama hayo, ili kuonyesha kwamba falsafa iko hata chini ya mti wa nyumbani. Nami nitawatajia wenye fikira watatu tu, kwa sababu kila mmoja anatusaidia kumlea mgonjwa wetu.

Wa kwanza ni Mfaransa René Descartes. Mwaka 1637 aliandika kwamba anaweza kutilia shaka kila kitu, hata mwili wake, lakini hawezi kutilia shaka kwamba anafikiri. Kwake yeye nafsi ni kule kufikiri, na ni kitu mbali na mwili. Mimi nilisomea uuguzi na sitaki kubishana na marehemu. Lakini mleteni katika zahanati yetu. Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, lazima hatua ichukuliwe. Ikifika chini ya 3, kufikiri kwenyewe huanza kuvurugika. Na jambo baya zaidi ni hili: mwenye kuvurugika mara nyingi hajui. Atakuambia, tena kwa ukali, "Niko sawa, niacheni!" Chombo ambacho angekitumia kujipima ndicho kilichokosa mafuta.

Wa pili ni Mwingereza John Locke, ambaye alisomea pia udaktari. Yeye aliona kwamba kinachomfanya mtu awe yule yule wa jana ni fahamu yake, kwamba anakumbuka aliyoyatenda na kuyakubali kuwa yake. Hili lina kazi kubwa katika nyumba zetu. Mtu akirudi katika hali yake baada ya sukari kushuka, mara nyingi hakumbuki alichosema. Mkimweka kikao saa ileile, mkamwambia "wewe ulimtusi shangazi yako mbele ya wageni", mnamshtaki mtu kwa neno ambalo hakulisikia akilisema. Ataona aibu. Na mwenye aibu mara ya pili atajificha sukari ikishuka, na kujificha ndiko kutakakomwua. Kwa hiyo mwambieni kilichotokea kwa upole, ili ajifunze dalili zake, kisha shauri hilo lifungwe.

Wa tatu ni mwenzetu, Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alieleza kwamba kwa Mwafrika mtu hajitambui peke yake. Nafsi yake imesimama juu ya watu wake: kwa kuwa wao wapo, yeye yupo. Watu wengine wamebishana naye, wakisema hivyo mtu mmoja mmoja anamezwa na ukoo. Nami nakubali kwamba ukoo unaweza kummeza mtu. Lakini katika habari ya sukari kushuka, Mbiti anamshinda Descartes. Kwa sababu saa ile akili ya mgonjwa haiwezi kumwambia kwamba yeye si yeye. Mtu wa kumtambua ni mama, mke, mwalimu wa zamu, au mwenzake wa stejini.

Kila mtu ana dalili yake ya kwanza. Wengi hutokwa na jasho la baridi, hutetemeka, moyo hupiga mbio na njaa huwashika ghafla. Wengine midomo hufa ganzi. Wengine huwa wakali bila sababu, au huzubaa tu wakitazama ukuta, au ulimi huwa mzito kama wa mlevi. Usiku mtoto anaweza kupiga kelele ndotoni na shuka likalowa jasho. Kaeni na mgonjwa wenu akiwa mzima, mwulizeni: "Wewe sukari ikishuka huwaje?" Kisha mwambieni ninyi mnachokiona, maana mtaona yale asiyoyaona. Andikeni kwenye daftari lake la kliniki. Mpelekeeni mwalimu, na dereva wa bodaboda anayembeba aelezwe.

Sasa fikirieni kijana wa shule anayejidunga insulini. Ijumaa kuna kesha kanisani, na vijana wamekubaliana kufunga. Amejidunga asubuhi kama kawaida, mchana hakula, jioni ametembea kilomita nyingi, usiku anaimba na kuruka. Insulini haijui kwamba amefunga. Inaendelea kuamuru glukosi iondoke katika damu, na tena inalizuia ini lisifungue stoo. Saa nane ya usiku anaanza kuropokwa, na kwa kuwa ni kanisani, kila mtu anadhani anajua ni nini. Maombi na yaendelee, sina neno. Lakini mikono iliyo huru na imtie sukari kinywani kwanza. Na anayetumia insulini asifunge kabla hajaongea na kliniki yake.

Mambo mengine yanayoishusha ni kulima au kuvuta nyavu kwa muda mrefu bila kula, kudunga kipimo kikubwa kuliko kilichoandikwa, na kunywa pombe, kwa sababu pombe hulizuia ini lisitengeneze glukosi mpya. Chang'aa na insulini ni maadui. Na jasho la mlevi na jasho la sukari kushuka huwezi kuyatenganisha kwa macho.

Mkiziona dalili hizo, na mgonjwa anaweza kumeza, fanyeni hivi. Mtu mzima apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji kidogo, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Isiwe ile soda isiyo na sukari. Mtoto wa miaka 5 hadi 10 vijiko viwili, na aliye chini ya hapo kijiko kimoja. Ngojeni dakika 15. Kama kuna mashine ya kupimia, pimeni, na ikiwa bado chini ya 4 mpeni tena. Akisha kurudi katika hali yake, ndipo ale ugali, kiazi au mkate, ili sukari isishuke tena. Kama hamna mashine, msingoje kuitafuta. Kijiko hicho hakitamdhuru sana aliye na sukari nyingi, lakini kukikosa kunaweza kumwua aliye na sukari kidogo.

Akiwa hawezi kumeza au ana degedege, msimmiminie kitu mdomoni wala msimtie kijiko katikati ya meno. Mlazeni kwa ubavu, tafuteni gari, mkimbizeni hospitali akatiwe glukosi kwenye mshipa. Kwa mtoto, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakubali kijiko kimoja cha chai cha sukari kilicholoweshwa kwa tone moja au mawili ya maji, kiwekwe chini ya ulimi wake huku mkiwa njiani. Na kamwe msimdunge insulini.

Nigeukie wenye watoto wadogo, kwa sababu si kisukari peke yake kinachoshusha sukari. Hapa kwetu karibu na ziwa, malaria bado ni adui wa kwanza, ingawa chanjo yake ilianza kutolewa hapa nchini katika kaunti ya Homa Bay mwezi wa Septemba 2019. Malaria kali humaliza glukosi ya mtoto haraka. Stoo ya ini lake ni ndogo, na siku mbili zilizopita hakula. Mtoto huyo haongei ovyo, yeye hunyamaza. Hakutambui wewe mamake. Analegea mkononi. Akifikia hapo, mpelekeni kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Kama anaweza kumeza, mnyonyeshe njiani, au mpe maji ya sukari: vijiko vinne vya chai, visivyofurika, katika kikombe cha mililita 200 cha maji safi, na umnyweshe mililita 30 hadi 50 kabla ya kuondoka. Mwenye utapiamlo mkali naye yuko katika hatari hiyo hiyo, na mtoto mchanga pia. Ndiyo maana tunawasihi mnyonyeshe ndani ya saa moja baada ya kujifungua na mumfunike mtoto apate joto.

Lakini msininukuu vibaya mkasema muuguzi wa redio amesema sukari huleta adabu. Jambo hilo liliwahi kuwapumbaza hata wasomi. Roy Baumeister wa Marekani na wenzake waliandika mwaka 2007 kwamba nguvu ya mtu ya kujizuia hutegemea glukosi, kana kwamba subira hununuliwa kwa kinywaji kitamu. Mwaka 2016 maabara 23, zenye washiriki zaidi ya 2,000, zilirudia kupima lile wazo la msingi, kwamba nguvu ya kujizuia huchoka na kuisha kwa kutumiwa, na hazikuona kitu cha maana. Mtoto mwenye afya aliyekataa kuosha vyombo hana upungufu wa sukari. Msimnunulie soda.

Tuna ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Karachuonyo. Anasema mama mkwe wake ana kisukari, anameza vidonge, na siku hizi alfajiri humwita kwa jina la marehemu bintiye na kumfukuza jikoni. Anauliza kama ni uzee, au ni chuki.

Asante, mama. Si lazima iwe mojawapo. Baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamaidi, hushusha sukari sawa na insulini, na kwa mzee ambaye figo zimechoka dawa hukaa mwilini muda mrefu. Alfajiri ni saa ambayo stoo ya ini imepungua. Kesho akikuita kwa jina hilo, itika. Mpe chai yenye vijiko vitatu vya sukari, keti naye dakika 15, kisha umsikilize anakuitaje. Sukari yake ipimwe saa hiyo kama mhamasishaji wa afya ya jamii ana mashine. Na siku hiyo hiyo mpelekeni kliniki pamoja na pakiti ya dawa zake zote, mkaeleze anakula saa ngapi jioni na anakula nini. Kipimo cha dawa kinaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Msiiache wenyewe bila kuambiwa, kwa sababu sukari ikipanda nayo ina ubaya wake: kiu, mkojo mwingi, usingizi mzito. Kama sukari yake itapatikana kuwa sawa na bado anapotea, mwelezeni daktari hivyo, kwa sababu kuna magonjwa mengine ya kusahau yanayohitaji kupimwa.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, kwa saa hii hii, tutazungumza juu ya kutunza miguu ya mwenye kisukari. Kwaherini.